Ncha ya Pembe ya Chomba

"Toa mikono pa ile pembe! Unaipakaa siraji sawa kiatu ya kuenda nayo ku misa?"

"Mama, punguza sauti. Bantu ba jirani banasikia."

"Basikie! Bakuye bakae pa viti. Nitabaeleza vile mutoto alivulia papa yake kaburi, sawa vile bezi banavuliaka mulevi viatu."

"Sikumuvulia. Niliazima."

"Uliazima! Ulimuomba? Alikujibu nini? Alikuambia, 'Beba, mutoto yangu, utarudisha ku Noeli'?"

Syntiche, mke wa Sylvain, alikuwa amechuchumaa karibu na mlango akipepea mbabula ya makala, birika la chai juu yake. Aliinamisha kichwa ili kicheko chake kipotee ndani ya moshi. Mama mkwe alikiona. Mama Angélique alikuwa na macho ya kuona kicheko hata kikiwa bado tumboni.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule ya mwanawe pale Bel-Air, mtaa wa Lubumbashi, kilemba kimeteleza hadi kwenye sikio, vumbi jekundu limempanda hadi magotini. Alikuja kwa miguu toka Hewa Bora, anakouza samaki wakavu wa Kasenga, na harufu ya samaki ilikuja naye ikaingia kabla yake, kama askari anayemtangulia mkubwa. Hakuna aliyempa kiti. Yeye mwenyewe hakuwa amewapa nafasi ya kumpa.

Juu ya meza, kwenye kitambaa kizuri cha harusi ya Syntiche, zililala pembe mbili za tandala dume. Zilikuwa zimejisokota kama kamba inayokamuliwa maji, nyeusi, nene kwenye shina kama mguu wa mtu aliyeshiba. Ya kulia ilikuwa nzima, mpaka kwenye ncha yake nyeupe inayofanana na jino la maziwa. Ya kushoto ilikuwa imekatwa kwa msumeno, urefu wa kidole kabla ya kufika mwisho.

Kipande hicho cha urefu wa kidole alikuwa nacho Mama Angélique. Kilikuwa kwenye fundo la kitenge, kiunoni, mahali ambapo wanawake wengine huweka mambo yasiyohusu watu. Na ndicho Sylvain alichokuwa anakitaka tangu asubuhi.

"Nipe tu ile ncha, mama. Nitaipachika na gundi, nitapaka siraji pa kuunga, basi. Wakisha kupima nitakurudishia."

"Kama vile utarudisha pembe ku kaburi."

"Ndiyo."

"Siku ya Noeli."

"Mama!"

Kwa watu wa Chomba, marehemu mume wa Mama Angélique, kule vijijini pembeni mwa barabara ya Kasenga, mwindaji akifa husimamishiwa kichwani mwa kaburi pembe za mnyama wake aliyewashinda wengine wote. Kabla ya kuzisimamisha, mtoto wa dada yake hukata ncha ya pembe moja na kumpa mjane. Wanasema bila hiyo marehemu angetoka usiku kuwinda peke yake, akamsahau aliyemchungia moto. Chama, mpwa wa Chomba, ndiye aliyeshika msumeno siku ile. Na ni Chama huyo huyo aliyepiga simu juzi: "Mama Angélique, kaburi ya mujomba iko kipara. Sylvain alikuya hapa, akasema anakuya kulima majani. Alilima mpaka pembe."

Sylvain alizitoa kijijini ndani ya blanketi la watoto, kwenye kiti cha nyuma cha gari, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Na yote hayo kwa sababu ya redio.

Redio ilikuwa imetangaza kwamba serivisi ya wanyama ya serikali ya jimbo inawatafuta wawindaji wazuri. Aliyewahi kuua dume la pembe ndefu, kwa haki na kwa wakati wake, ajitokeze. Afisa atakuja nyumbani kwake kupima, kutoka shina mpaka ncha, akifuata kila mzunguko. Pembe ikifikia kipimo, mtu ataitwa Mwindaji wa Heshima, atavishwa jaketi la kijani lenye alama kifuani, jina lake litasomwa mbele ya watu. Tena wenye jaketi ndio watakaowaongoza wageni wanaokuja kuwinda kwenye kambi za porini. Pembe iliyokatwa haipimwi.

Sylvain alikuwa amekaa nyumbani tangu kampuni ndogo ya mgodi iliyokuwa ikiyachimbia makampuni makubwa ilipowaondoa watu kazini. Alikuwa ameanza kujua saa za mchana kwa vivuli vya ukuta. Aliposikia "kambi" na "wageni," aliruka kwenye kiti. Mama yake alikuwa na uchungu, lakini hakuwa kipofu: aliona suruali ya mwanawe ilivyofungwa kwa kamba mahali palipokuwa na mkanda.

"Weye, Mwindaji wa Heshima," alisema. "Weye, ulilia ku Noeli juu kuku alikuangalia mbele ya kisu."

"Nilikuwa mutoto."

"Ulikuwa na ndevu! Syntiche, si alikuwa na ndevu?"

"Mama, miye niko napepea moto," alisema Syntiche.

"Pepea, binti yangu. Na kama panya akiingia, umuite bwana yako aruke juu ya meza sawa mwaka uliopita. Bageni batapenda kuongozwa naye. Simba akitokea, bataona njia ya kukimbilia: ni ile yeye atakuwa ametangulia."

Sylvain aliweka chini kitambaa cha siraji. Vidole vyake vilikuwa vyeusi.

"Na weye utawaambia nini, mama? Ile hadithi ya mwaka gani? Nilipokuwa mudogo, ile tandala ilikuwa na urefu ya mulango. Nilipooa, ilikuwa na urefu ya nyumba. Kwa matanga ya mama ya Syntiche ulisema iliinama kunywa Luapula, bavuvi ya upande wa Zambia bakafunga mitumbwi ku pembe zake, bakidhani ni miti."

"Mbili. Mitumbwi mbili tu ilifungwa."

"Unaona? Ulisema papa aliua kwa kupiga chafya!"

"Bunduki ililia palepale alipopiga chafya. Nani anajua ni kipi kilimuua?"

Hata Sylvain alitabasamu, na kwa muda mfupi ilionekana kama ugomvi ungegeuka chai. Lakini alikuwa ameshika mahali pabaya, na akaendelea kubonyeza.

"Sasa ukisimama mbele ya afisa useme ni papa njo aliuaka, nani atakuamini? Bel-Air yote, Hewa Bora yote, banajua mudomo yako. Hata ukisema mvua inanyesha, bantu banatoka inje kwanza."

Mama Angélique aliangalia pembe. Ni kweli, alikuwa amemkuza tandala yule mwaka baada ya mwaka, kama mtu anavyomlisha nguruwe. Alimlisha matangani, sokoni, kwenye foleni ya bomba la maji, kila mahali watu walipokuwa na njaa ya kucheka. Lakini chini ya tandala wa kuchekesha kulikuwa na tandala mwingine, wa kweli, na huyo hakuwahi kumtoa hadharani hata siku moja.

Yule wa kweli ni hivi.

Chomba akienda porini, mkewe hakuruhusiwa kugombana na mtu. Hakuruhusiwa kuazimisha chumvi, wala kuacha moto uzimike, wala kusema neno la ovyo mpaka nyama ifike nyumbani, kwa maana neno la mke huko nyuma linavunja tawi mbele ya mume, na mnyama anasikia. Na mke huyo alikuwa Angélique! Majirani hawakuhitaji kuuliza kama Chomba amesafiri. Asubuhi moja wangeona Angélique anapita na ndoo amefunga midomo kama kidonda kilichoshonwa, wakaambiana: "Chomba iko mu pori." Wengine walimwombea asirudi upesi, ili mtaa upumzike.

Alinyamaza siku zote za safari ile. Chomba alimfuata dume kutoka bonde hadi bonde, na bunduki yake ya baruti aliyorithi kwa baba yake, akamwangusha kwa risasi moja nyuma ya bega. Alituma habari, na Angélique, aliyekuwa Kasenga kununua samaki, akaja kumpokea. Kila mwindaji wa upande ule alijua: nyama unaweza kumpa mtu, lakini pembe kama zile haziachwi njiani. Basi, kwa kuwaogopa askari wa wanyama, wakagawana mzigo. Chomba alifunga nyama kwenye baiskeli, ndani ya magunia ya makala. Angélique alizifunga pembe katikati ya robota la samaki wakavu, samaki juu, samaki chini, samaki pembeni, akapanda nalo juu ya lori.

Askari wa wanyama walikuwa wameweka kizuizi barabarani. Walilisimamisha lori, wakachoma robota la samaki kwa fimbo ya chuma, fimbo ikapita kando ya pembe, wakaacha. Kisha baiskeli ikafika.

Damu ilikuwa imeanza kuvuja kwenye gunia. Makala hayatoki damu.

"Kichwa kiko wapi?" walimwuliza Chomba. "Pembe ziko wapi?" Alisema alimkuta mnyama amekufa, hana kichwa. Wakampiga. Wakauliza tena. Akasema tena. Alipigwa mbele ya lori, mbele ya watu wote, na Angélique amekaa juu ya robota lake, pembe zinamchoma mapajani kupitia kwa samaki. Hakusema kitu. Nyama ilikuwa haijafika nyumbani. Mke wa mwindaji hasemi. Chomba aliinua macho mara moja tu, akamwona, akayashusha haraka kama mtu aliyeangalia jua. Lori likaondoka.

Walimwandika jangili. Alikaa gerezani, akatoka na kikohozi, na kikohozi hicho kikamaliza kazi ambayo fimbo ziliianza. Pembe alizishika mkononi mara moja tu tangu siku ile, amelala kitandani. Akapitisha kidole kwenye mizunguko yake, kisha akasema, "Zinanuka samaki," na wakacheka wote wawili mpaka akatema damu.

Hiyo haikuwa hadithi ya kulisha watu kwenye foleni ya bomba.

"Sikiliza, Sylvain," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka chini kuliko Syntiche alivyowahi kuisikia. "Ncha nitakupa."

Sylvain aliinua kichwa.

"Nitakupa, ivae jaketi, uende na bageni bako, ukule. Sitaki bajukuu bangu bakufe na njaa juu ya kaburi. Lakini yule mukubwa akiuliza nani aliua, utasema jina ya papa yako. Mbele yangu. Basome hilo jina kwa sauti, sawa vile balisomaka kwa tribinali, mbele ya hakimu. Kule balisema 'Chomba, jangili.' Sasa baseme 'Chomba, mwindaji.' Jaketi ivae weye, yeye haiko na mabega tena. Jina tu."

"Sawa, mama."

Alijibu upesi mno. Mwuza samaki anajua anayejibu upesi: ni yule ambaye hana nia ya kulipa. Lakini Mama Angélique alikuwa amelingoja neno hilo miaka mingi, na mtu aliyengoja hivyo hakagui.

"Nikusikie. Miye njo mukubwa. Nimeingia. Odi! Nani aliua hii nyama?"

"Papa."

"Papa gani? Bapapa ni mingi mu Lubumbashi, bengine hata bibi zao habawajui."

"Papa Chomba."

"Aliua na kitu gani?"

"Kwa bunduki ya baruti."

"Risasi ngapi?"

"Moja, mama. Moja! Bila chafya."

Alicheka, Mama Angélique, mpaka kilemba kikaanguka kabisa. Akafungua fundo la kitenge. Ncha ilikuwa imelainika kwa miaka ya kukaa karibu na mwili wake, nyeupe, yenye kung'aa. Hakumpa mwanawe. Aliipeleka mwenyewe mpaka kwenye pembe, akaigeuza kidogo, ikakaa: mstari kwa mstari, kama midomo miwili inayofahamiana. Akaondoa kidole pole pole. Ilisimama. Pembe ilikuwa nzima tena, ndefu ajabu, ndefu karibu kama alivyokuwa akidanganya.

"Angalia," alisema. "Syntiche, kuya uangalie baba mukwe yako."

Syntiche alikuja na vikombe. Hakuangalia pembe. Alimwangalia mumewe.

"Muambie mama," alisema.

"Syntiche, nyamaza."

"Muambie. Mukubwa anafika sasa hivi, ataongea, na mama atasikia tu. Afadhali asikie kwako."

Mama Angélique aliichukua ncha yake kutoka juu ya pembe. Aliichukua bila haraka, kama mtu anayemtoa mtoto mahali ambapo wakubwa wanataka kuzungumza.

"Niambie nini?"

Sylvain alikuwa anafuta vidole vyake kwa kitambaa kilichokuwa cheusi zaidi ya vidole.

"Banauliza mambo ya familia, mama. Nilipoenda kule ku serivisi baliniuliza. Nyumba yenye jangili haipewi jaketi. Hata kama ni papa, hata kama alikufa. Niliona mwenzangu mumoja alirudishwa juu ya kaka yake."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema ni miye niliua. Na papa..." Alikunja kitambaa. "Nilisema papa alikuwa mutu ya reli. Alikatwa na gari ya moshi kabla nizaliwe. Hakushikaka bunduki hata siku moja."

Birika lilianza kulia polepole. Hakuna aliyeliendea.

"Mutu ya reli," alisema Mama Angélique.

"Ndiyo, mama."

"Na balikubali?"

"Baliandika."

"Na miye? Nilikuwa bibi ya nani?"

"Ya... ya ule mutu ya reli."

"Na ule miye nilibebea pembe chini ya samaki?"

Sylvain alitazama mlango. Kisha akajibu, na pengine alikuwa amechoka tu, pengine alitaka jambo hili liishe kabla ya mlango kufunguka.

"Ule haiko, mama. Bakiuliza, haiko."

Mama Angélique alivuta kiti na kukaa, kwa mara ya kwanza tangu aingie. Kiti kilikuwa karibu na mbabula. Alinyoosha mikono yake juu ya makala kama mtu anayesikia baridi, ingawa nje jua lilikuwa linachoma mabati.

"Basi nieleze huyu bwana yangu mupya," alisema. "Nimuzoee. Alikuwa muzuri?"

"Mama, tafazali."

"Alikuwa na kofia? Bantu ya reli banakuwaka na kofia nzuri. Alinipenda? Juu huyu mwingine, huyu haiko, alinipenda vibaya sana. Alipigwa mbele ya lori nzima, akakataa kunitaja. Mutu ya reli angenitaja. Bantu ya reli banataja vituo vyote."

Syntiche hakucheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nipe ncha, mama," alisema Sylvain. "Nakuomba. Nasikia gari."

Ni kweli, gari lilikuwa limesimama nje. Mlango wake ulifungwa, kwa uzito wa magari ya serikali.

"Mama. Batoto hawajakula tangu jana."

"Najua. Mimi njo nilibatumia samaki leo asubuhi. Wamekula." Alifungua kiganja, akaiangalia ncha. "Weye njo haujui nani anakulisha."

Kisha akaugeuza mkono. Ncha iliteleza kati ya makala mawili mekundu, chini ya birika, bila kelele yoyote.

Sylvain aliruka. Birika lilipinduka, chai ikamwagika sakafuni, nusu ya makala yakafa yakitoa mvuke. Lakini si ile nusu. Aliingiza vidole motoni, akavitoa, akaingiza tena. Ncha ilikuwa imekwishaanza kujikunja, inachemka, inatoa mafuta meusi. Na harufu ikapanda. Anayeijua harufu ya pembe inayoungua hahitaji kuelezwa, na asiyeijua afikirie nywele za mtu mzima ndani ya sufuria. Ilipanda hadi kwenye mabati, ikashuka, ikaingia kwenye pazia, kwenye vikombe, kwenye kitambaa cha harusi.

"Weye ni muchawi!" alipiga kelele Sylvain, vidole mdomoni. "Mama gani anafanya hivi? Umeniua! Ulimwua papa na kunyamaza kwako pa lori, sasa unaniua na—"

"Odi hapa!"

Pazia lilisogezwa. Bwana Constantin, afisa wa serivisi ya wanyama, aliingia, jaketi la kijani limepigwa pasi, futi ya kupimia mkononi, imekwisha kunjuliwa kidogo. Tabasamu alilokuja nalo lilifika hadi katikati ya chumba, likasimama. Aliona chai sakafuni. Aliona pembe mezani, moja nzima, moja imekatwa. Akavuta pua.

"Nini inaungua?"

Sylvain alitoa vidole mdomoni, akavificha mgongoni. Syntiche aliinama kuokota vikombe ambavyo havikuwa vimeanguka.

"Mwindaji ni nani hapa?" aliuliza tena Bwana Constantin, akimwangalia sasa mwanamke mzee aliyekaa karibu na moto, kwa maana ndiye pekee ambaye hakuyashusha macho.

Mama Angélique alikuwa amefunga midomo, kama zamani, wakati Chomba alipokuwa porini.